Loris na Mnara Asioupanda

Loris Tugnoli alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na kati ya hiyo, ishirini na saba alikuwa mwanafunzi. Si kwamba alikuwa mjinga. Wajinga humaliza mapema: hujibu wanachokijua, huchukua alama zao, wakaenda zao kuoa. Loris alikuwa mtu mwangalifu. Pale Bologna aliifanya mitihani yote ya Sheria isipokuwa mmoja, Mwenendo wa Mashauri ya Madai, na huo mmoja alikuwa ameuketia mara kumi na nne na kuuinukia mara kumi na nne.

Mtihani kwao ni wa mdomo. Unaketi mbele ya profesa, unaulizwa, unajibu, na nyuma yako wamekaa wenzako wanasikiliza jinsi unavyoadhirika. Ukiona maji yamezidi unga, unasema kwa adabu, "Profesa, ninajitoa," unainuka, na daftari lako la mitihani linabaki safi kana kwamba hukuwahi kuja. Hujafaulu, hujafeli, umeahirisha tu. Loris swali la kwanza alikuwa akilijibu vizuri mpaka wa nyuma wanaacha kunong'ona. Swali la pili likianza, kabla hata profesa hajavuta pumzi ya katikati, magoti ya Loris yalikuwa yameshanyooka.

Mji wenyewe nao haukumsaidia. Kanisa kubwa la pale uwanjani lilianza kujengwa mwaka 1390, likavishwa marumaru hadi kiunoni, kifua kikaachwa matofali matupu, na hadi leo hakuna anayeona haya. Mtu aliyecheza mpira mbele ya jengo kama hilo, utamwambia nini kuhusu kuchelewa?

Kisha kulikuwa na mnara. Bologna ina minara kadhaa, lakini ukisema mnara kila mtu anajua ni ule mrefu wa Asinelli, mita tisini na saba za matofali, umeinama kidogo kama mtu anayetegea umbea. Ndani hakuna lifti. Kuna ngazi za mbao mia nne tisini na nane zinazopanda kwa kuzunguka kuta, na katikati kuna shimo. Kila mwanafunzi, wiki yake ya kwanza, huambiwa na mwenzake aliyeambiwa na mwenzake: ukiupanda mnara kabla ya kuhitimu, huhitimu maisha. Hakuna anayeamini. Hakuna anayepanda.

Loris hakuwahi kupanda. Na hili linahitaji roho ngumu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuutembeza mji kwa wageni wa siku moja, wale wanaoshushwa na basi saa nne asubuhi na kuzolewa saa kumi na moja na nusu jioni wakiwa na soseji kwenye mfuko. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesimama chini ya mnara akiwaeleza watu yanayoonekana juu yake: bahari upande huu, milima yenye theluji upande ule. Kisha anawapeleka mlangoni, anakwenda kunywa kahawa, anarudi kuwahesabu wakishuka. Wageni walimsifu kwamba anaeleza mpaka unaona kwa macho.

Mama yake, Bi Ivonne, ndiye aliyemwapisha. Siku Loris anajiandikisha chuo alimshika mkono jikoni na kumwapisha juu ya kaburi la baba yake kwamba hatakanyaga ngazi hata moja. Mwaka wa tano wa masomo akanunua lozi za sukari nyekundu, zile ambazo kwao hugawiwa mtu akihitimu, akaziweka kabatini. Sasa ukiangusha moja, kinachovunjika ni kigae. Mtu aliyehitimu Bologna, hata kama alisomea magonjwa ya vitunguu, huitwa Daktari, na Bi Ivonne alikuwa anataka kulisikia neno hilo dirishani kabla hajazikwa. Loris alikuwa analisikia kila siku, ila kutoka kwa muuza kahawa, na kwa namna nyingine.

Mwaka huo ikaja barua. Chuo kilikuwa kinafunga faili za zamani: aliyebakiwa na mtihani aufaulu kabla ya Mei kuisha, la sivyo jina linafutwa. Tasnifu ingesubiri, nayo tasnifu haikumtisha Loris, kwa sababu tasnifu haikuulizi swali la pili. Nafasi ilikuwa moja tu, Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Bi Ivonne akapiga pasi shati siku tisa kabla.

Jumanne ya wiki hiyohiyo likaja basi la wastaafu kutoka Modena.

Kutoka Modena hadi Bologna ni mwendo wa nusu saa, na miji hiyo miwili inapendana kama wake wenza. Mwaka 1325 walipigana, na watu wa Modena wakaondoka na ndoo ya kisimani. Hawajairudisha mpaka leo. Mtu wa Modena akiingia Bologna ni lazima aitaje ndoo, na Loris alikuwa na mazoea ya kutazama saa aone itachukua dakika ngapi. Kiongozi wa wastaafu wale, Mwalimu Argia Montorsi, alichukua nne. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane, na alitembea na daftari na penseli iliyochongwa pande zote mbili. Kila mwanaume aliye chini ya miaka sabini, kwake alikuwa kijana.

"Kijana," akasema, "ile ndoo yenu hatujaitupa. Tunaifuta vumbi."

"Asante, Mwalimu. Nasi kisima tunakitunza. Mkichoka kuibeba mnajua pa kuileta."

Wastaafu wakacheka, wengine wakamtazama Mwalimu kwanza waone kama inaruhusiwa. Walipofika mbele ya lile kanisa lenye kifua wazi, Mwalimu Argia akalipima kwa macho toka juu hadi chini kama daftari la mtoto mchafu, akauliza litakwisha lini.

"Tunasubiri ndoo," Loris akamjibu. "Hatuna cha kubebea saruji."

Hilo Mwalimu aliliandika. Haikujulikana kama ni kwa kulipenda au kwa kulitolea adhabu baadaye.

Wakaenda kwenye chemchemi ya mungu wa bahari, jitu la shaba lililosimama uchi na mkono mbele, ambalo vibibi vya Modena vililitazama kwa muda mrefu kuliko vilivyolitazama kanisa. Hapo Loris akawazungusha. Alitembea akieleza, nao wakamfuata kwa mstari kama vifaranga vya bata, wakaizunguka chemchemi kinyume cha saa mara moja, kisha mara ya pili. Mwalimu Argia akataka kujua mbona wamezunguka mara mbili na sanamu ni ileile. Loris akasema ni ili waione vizuri pande zote.

Mume wa Mwalimu, Mzee Adelmo, alikuwa anatembea nyuma ya wote. Maisha yake yote alitengeneza mapipa ya siki, na kwa miaka hamsini na minne ya ndoa alikuwa amezoea kusema pale tu panapobaki nafasi. Alimsogelea Loris taratibu.

"Una mtihani lini?" akauliza.

Loris akajifanya hakusikia.

"Mjukuu wangu anasoma hapa," mzee akaendelea. "Kila akiwa na mtihani huja kuizunguka hii. Mara mbili, kinyume cha saa."

"Alhamisi," Loris akasema.

Mzee Adelmo akatikisa kichwa, akarudi nyuma ya mstari, wala hakumwambia mtu.

Chakula cha mchana kilikuwa vita ndogo. Walikula tortellini kwenye mchuzi, vile vifundo vya unga vilivyofumbatwa nyama, ambavyo kila mmoja wa miji hiyo miwili unadai kuwa ndio uliovibuni, kwa kuiga kitovu cha mungu wa kike aliyechunguliwa na mwenye nyumba ya wageni kwenye tundu la ufunguo. Mwalimu Argia alisema kwamba vya Modena ni vidogo zaidi kwa kuwa huko wanawake wana vidole vyembamba na subira. Loris akasema vile vilivyo mezani pale amevikunja mama yake mzazi, anayeuuzia mkahawa ule. Mwalimu akala sahani nzima, akafuta mchuzi kwa mkate, kisha akatangaza kuwa vimezidi chumvi.

Saa tisa na nusu wakafika mnarani. Basi lilikuwa liondoke saa kumi na moja na nusu kamili, kwa sababu dereva ana saa zake za kisheria na sheria za madereva, tofauti na nyingine zote za nchi ile, hufuatwa. Wenye magoti mazima, kumi na wawili, wakanunua tiketi. Mzee Adelmo alikuwa mmoja wao, na mke wake alishangaa lakini akamwachia. Waliobaki wakatawanyika kutafuta aiskrimu. Mwalimu akasimama chini na daftari lake, na Loris, kwa mazoea tu, akaanza kumweleza yanayoonekana huko juu. Akafika kwenye sentensi aliyoitunga mahususi kwa ajili ya watu wa Modena: kwamba hali ya hewa ikiwa nzuri, mnara wa kanisa lao unaonekana waziwazi.

"Upande gani?" Mwalimu akauliza.

"Kushoto mwa kile kilima chenye kanisa."

Penseli ikasimama. "Kilima kiko kusini, kijana. Sisi tumetoka magharibi. Sisi hatukuja kwa kupitia kilimani."

Loris akasema labda inategemea mtu amesimama wapi.

"Wewe ulisimama wapi?"

Miaka kumi na tisa hakuna aliyemuuliza swali hilo. Na kwa kuwa lilikuwa ni swali la pili, Loris akatazama huku na huku kutafuta mlango wa kutokea. Hakuna mlango mtaani. Akamwambia Mwalimu ukweli wote: mnara, chuo, miaka, barua, Alhamisi, na kiapo cha mama.

Mwalimu Argia hakucheka, jambo ambalo lilimuuma Loris zaidi. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba yeye aliwahi kumrudisha mtoto mmoja darasa la pili mara tatu, na miaka yote alidhani hiyo ndiyo rekodi ya mkoa.

Kufika saa kumi na dakika ishirini watu kumi na mmoja walikuwa wameshashuka, wamejilaza kwenye vizingiti vya maduka kama nguo zilizoanikwa. Loris akawahesabu. Akawahesabu tena. Mzee Adelmo hayumo.

Mwalimu akapiga simu, akaweka sauti nje ili kila mtu ashuhudie jinsi mumewe atakavyogombezwa. Mzee akapokea baada ya muda. Alisema hajambo. Alisema anaangalia. Alipoulizwa anaangalia nini alisema anaangalia tu, huku kumetulia, na wasimsubiri. Mmoja wa wale waliojilaza akasema hata yeye angekuwa mume wa Argia angebaki hukohuko, na wote wakacheka isipokuwa Mwalimu, aliyekata simu na kubaki ameishikilia kifuani.

Mlinzi wa juu alikuwa amegoma na wenzake tangu saa nane mchana, maana ilikuwa siku ya mgomo. Mama wa tiketi, ambaye yeye chama chake kinagoma Ijumaa, alisema haruhusiwi kuliacha dirisha, ila anaweza kuwaita wazima moto.

"Wazima moto wa wapi?" Mwalimu akauliza.

"Wa hapa Bologna, mama. Wa wapi tena?"

"Halafu kesho gazeti liandike kwamba mtu wa Modena ameteremshwa na watu wa Bologna kama paka wa juu ya mti." Akafunga daftari. "Heri tuwe tunampelekea chakula."

Lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Akamtazama yule wa kwanza kati ya waliojilaza, akageuza macho, akamtazama wa pili, akageuza. Hakukuwa na hata mmoja ambaye angepanda tena ngazi tatu. Mwisho akamtazama Loris, na kwa mara ya kwanza siku ile hakumwita kijana.

"Mwanangu," akasema polepole, ili wengine wasisikie. "Adelmo akisema anaangalia, ujue anaogopa. Ana miaka sabini na tisa na hajawahi kukiri woga hata kwa daktari wa meno. Ameliona lile shimo la katikati, sasa magoti yamekataa. Mimi sikuombi. Nimekwambia tu."

Ni watu wachache wanaojua kuomba vizuri kama mtu anayesema haombi.

Loris akaingia mlangoni.

Ngazi mia za kwanza alizipanda kwa hasira. Mia za pili alizipanda kama mwanasheria. Alijiuliza: kiapo kilisema nini hasa? Kupanda mnara ni nini? Mtu aliyeingia ndani ya nyumba lakini hakuketi, amezuru au hakuzuru? Ni wazi, akajiambia akihema, kwamba mnara hauhesabiwi umepandwa mpaka ufikwe kileleni. Mwenye kukomea ngazi ya mia nne tisini na saba hajapanda, amekaribia. Hoja hiyo ilimpa nguvu hadi juu. Akafika ngazi ya mwisho kasoro moja, akasimama, akachomoza kichwa nje kama kobe.

Kichwa kinahesabiwa? Hilo hakuwa amelifikiria.

Mzee Adelmo alikuwa ameketi sakafuni upande wa pili wa kile kibaraza, mgongo ukutani, kofia mapajani, amefumba macho. Kumbe hata hiyo kuangalia hakuwa anaangalia.

"Mzee," Loris akaita. "Basi linaondoka. Sogea huku nikushike mkono."

"Siwezi kusimama."

"Tambaa."

"Kutambaa pia nimejaribu." Akafumbua jicho moja, akakiona kile kichwa kwenye tundu la sakafu, akaelewa. "Ala. Una mtihani Alhamisi."

"Ndiyo."

"Basi usipande, mwanangu. Baki hapohapo. Waambie wawaite hao wazima moto. Argia atanitukana hadi Krismasi, lakini ndiyo kawaida yangu, nitaishi." Akafumba tena jicho.

Lau angemsihi, Loris angekuwa na la kujibu. Angemweleza kuhusu barua, kuhusu mama, kuhusu shati lililopigwa pasi. Lakini mtu aliyekwishakusamehe unamjibu nini? Akabaki pale dakika nzima, kichwa juu ya mnara na mwili chini yake, akisubiri mzee abadili mawazo. Mzee hakubadili. Loris akatoa tusi moja la Kibologna linalomhusisha nguruwe, akainua mguu, akapanda ngazi ya mwisho.

Hakuna kilichotokea. Upepo ulikuwa mdogo. Alitazama upande aliokuwa akiwaonyesha watu bahari kwa miaka kumi na tisa, akakuta ukungu na mashamba. Upande wa milima yenye theluji kulikuwa na ukungu na mashamba. Chini ya miguu yake paa za mji zilikuwa nyekundu zote, zimebanana, na kutoka juu lile kanisa halikuonekana kama limeachwa nusu. Kutoka juu lilikuwa paa kama paa zingine.

"Modena inaonekana?" mzee akauliza bila kufumbua macho.

Loris akatazama magharibi. Mbali sana kulikuwa na kitu chembamba kama kijiti cha meno. Huenda ulikuwa mnara wa Modena. Huenda lilikuwa bomba la kiwanda cha sukari.

"Inaonekana," akasema.

"Argia atafurahi," mzee akasema. Akanyoosha mikono ainuliwe.

Walishuka hivi: Loris chini, anashuka kinyumenyume, ameshika mbao za pande zote mbili, Mzee Adelmo juu yake, mikono yote miwili kwenye mabega ya Loris, macho yamefungwa. Ngazi ya kumi mzee akasema asimuliwe kitu, kitu chochote kile, maana kimya kinamwonyesha lile shimo. Loris akatafuta hadithi kichwani, akakuta zote za kuwasimulia wageni zinahusu urefu. Kitu kingine pekee alichokijua kwa moyo ni Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Akaanza sura ya kwanza.

Mzee Adelmo akaipenda. Alikuwa na jirani waliyegombana naye miaka tisa kuhusu ukuta wa dari lake, kile chumba cha chini ya paa anamoweka mapipa, na hakuna wakili aliyewahi kumweleza mambo taratibu namna ile. Kila baada ya ngazi kadhaa aliuliza. Na yule jirani akikana? Na asipofika mahakamani? Na akifika amelewa? Loris akajibu. Hakuna pa kuinukia kwenye ngazi zile. Nyuma kuna shimo na mbele kuna mzee wa kilo themanini. Alijibu swali la pili, la nane, la thelathini. Palipokuwa pagumu alisema "ngoja," akashuka ngazi tatu akifikiri, akajibu. Mara mbili alisema hajui, na mzee akasema si neno, tuendelee.

Walifika chini saa kumi na moja na dakika kumi. Mwalimu Argia alimpokea mume wake kwa kumkung'uta vumbi mgongoni kwa nguvu kuliko vumbi lilivyostahili. Hakumshukuru Loris, alimuuliza Modena inaonekana upande gani, Loris akasema magharibi, akaandika. Basi likaondoka kwa wakati wake.

Nyumbani Loris hakuweza kuficha. Bi Ivonne alisikiliza amesimama, kijiti cha kusukumia unga mkononi, na Loris alipofika pale pa ngazi ya mwisho, mama akaketi. Hakufoka. Alikwenda chumbani, akalirudisha lile shati kabatini, akafunga kwa ufunguo. Jumatano nzima alikuwa anamsemesha mwanawe kama mtu wa msibani, kwa sauti ya chini na chakula kingi.

Kwa hiyo Alhamisi Loris aliingia mtihanini na fulana. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi ni wa mwenye kitu cha kupoteza, na yeye alikwishapoteza Jumanne, saa kumi na dakika arobaini, mbele ya shahidi. Hakwenda hata kuizunguka chemchemi. Alikwenda tu kwa sababu jina lake lilikuwa ubaoni na amezoea kwenda.

Profesa Guerzoni alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa miaka minane. Loris alipojiandikisha chuo, profesa alikuwa darasa la sita. Walifahamiana kwa macho. Hii ilikuwa mara yao ya tano. Swali la kwanza Loris akalijibu kama kawaida yake, na wa nyuma wakaacha kunong'ona. Swali la pili lilihusu muda wa kukata rufaa pale hukumu isipowasilishwa kwa upande wa pili, na Profesa alipolianza aliweka kalamu chini, amsubiri ainuke.

Loris hakuinuka. Alitaka kuona. Mara kumi na nne aliondoka kabla mchezo haujaisha, na sasa kwa kuwa matokeo yalikwishajulikana hakuona sababu ya kukosa mwisho wake. Akasema, "Ngoja." Akafikiri. Akajibu, nusu ikawa sawa na nusu ikawa imepinda. Profesa akainyoosha, akauliza la tatu. Hilo Loris alisema hajui. La nne alilijua. La tano alimjibu kwa mfano wa watu wawili wanaogombania ukuta wa dari la mapipa, na kwa mara ya kwanza Profesa akatabasamu, kisha akavuta daftari la mitihani, ambalo kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai.

"Kumi na nane," akasema. Alama thelathini ndio mwisho, kumi na nane ndio mlango. Chini yake hakuna kitu. "Unayo haki ya kukataa, Tugnoli. Unajua."

Mtu wa Bologna aliyelelewa vizuri hapokei kumi na nane. Huikataa kwa tabasamu na kurudi baadaye kutafuta ishirini na saba. Loris mwenyewe aliwahi kumwambia kijana mmoja hivyo, kwenye ukumbi huohuo, enzi za mageuzi mawili ya elimu yaliyopita.

"Naipokea," akasema.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Bi Ivonne alikuwa jikoni mbele ya ubao wake wa unga, anakata vipande vya mraba, na hakuinua macho. Loris akaliweka daftari juu ya ubao, limefunguliwa. Mama akajifuta vidole kwenye aproni, akavaa miwani, akasoma ukurasa ule, akaugeuza nyuma aone kama kuna kingine kilichoandikwa, akasoma tena.

"Kumi na nane," akasema.

"Kumi na nane, Mama."

Akavua miwani. Kwa muda alikuwa anatazama dirishani, midomo inacheza, na Loris akadhani analia. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

"Huko juu," akasema mwishowe, "nani alikuona?"

"Mzee mmoja wa Modena. Alikuwa amefumba macho."

"Na waliokuwa chini?"

"Wa Modena watupu. Na mama wa tiketi."

"Wa wapi, huyo?"

"Kwa lafudhi yake, wa Ferrara."

Bi Ivonne akaliondoa daftari kwenye unga, akalipuliza, akaliegemeza juu ya rafu kando ya picha ya marehemu mumewe.

"Basi hakuna aliyekuona," akasema, akachukua kipande kingine cha unga, akaanza kukikunja.